Mtembeze Mbwa Wako, Usimfukuze Mwenzako

Haya ni mazungumzo yaliyosomwa redioni juma hili. Tunayachapa kama yalivyosomwa.



Juma hili sitazungumzia foleni za magari wala bei ya unga. Nataka tuzungumze juu ya matembezi, tena matembezi mepesi yasiyo na gharama: kutembea ufukoni asubuhi pamoja na mbwa. Najua wapo watakaotabasamu, na wapo watakaopandisha mabega na kusema hayo ni mambo ya watu wenye nafasi. Naomba wanivumilie kidogo, kwa maana ndani ya jambo hili dogo limo jambo kubwa la namna tunavyoishi pamoja mjini.

Wahenga wa pwani walisema kwamba mbwa hafi maji akiona ufuko. Walikuwa wakitufundisha kwamba mwenye kutaabika hupata nguvu mpya aonapo tumaini. Lakini mimi leo nauliza: huyu mbwa wetu wa Dar es Salaam, huo ufuko anauona lini?

Hebu pita katika mitaa yetu yenye kuta na mageti. Kila baada ya nyumba mbili tatu utaona kibao cha bati kimeandikwa "Mbwa Mkali", pengine na picha ya kichwa cha mbwa aliyetoa meno. Nyuma ya ukuta kuna banda la mbao na wavu wa chuma. Humo mbwa hushinda kutwa nzima. Anakula pale pale, analala pale pale na kujisaidia pale pale. Usiku hufunguliwa azunguke ua hadi alfajiri, kisha hurudishwa bandani. Tajiri wake humwona kupitia kioo cha gari. Anayemfahamu hasa ni mlinzi, au binti wa kazi anayempelekea ugali na dagaa. Mbwa huyo tumemfanya kuwa kitasa chenye mkia.

Matokeo yake tunayaona. Mnyama asiyewaona watu ila kupitia ufa wa geti huwaogopa watu, na mbwa mwenye woga huuma. Siku geti likisahauliwa wazi, anayeumwa aghalabu si mwizi. Huwa ni mtoto apitaye kwenda shule, au muuza maziwa, au jirani aliyekuja kuazima ngazi. Umleavyo ndivyo akuavyo. Mbwa aliyezoeshwa tangu udogoni kuona watu, baiskeli, watoto wanaocheza na magari yanayopiga honi, hana haja ya kumrukia kila apitaye. Na usiku bado atabweka akisikia mtu asiyemjua anaparamia ukuta, kwa maana kulinda ni asili yake, hakufundishwa na mnyororo.

Basi twende ufukoni. Nimechagua Coco Beach, kule Oysterbay, kwa kuwa wakazi wengi wa jiji hili wanapafahamu. Wapenda mzaha watasema kwamba jina lenyewe linawafaa mbwa koko. Tutaona kama ni kweli.

Anzia upande wa kusini, karibu na pale Daraja la Tanzanite linapotua likitokea upande wa Hospitali ya Aga Khan. Daraja hilo, lililofunguliwa mwaka 2022 na ambalo urefu wake unazidi kilometa 1 kwa kiasi kidogo, ni alama nzuri ya kuanzia kwa sababu huwezi kulikosa. Kutoka hapo elekea kaskazini, bahari ikiwa mkono wako wa kulia na Barabara ya Toure ikiwa mkono wa kushoto. Njia ni tambarare, haina mlima. Utakanyaga mchanga, kisha utakuta miamba ya matumbawe iliyochongwa na mawimbi. Ukifika penye miamba mikali usilazimishe. Panda juu kando ya barabara, halafu shuka tena mahali mchanga unaporudi. Kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, kwenda na kurudi ni kama saa moja hivi. Babu anaweza, na mjukuu wake anaweza. Ufuko unatazama mashariki, kwa hiyo jua utaliona likitoka baharini, na mbele yake meli zilizotia nanga zikingoja zamu ya kuingia bandarini.

Kabla ya kutoka nyumbani, yaulizie maji. Mzaliwa wa pwani hahitaji kuelezwa, lakini wengi wetu jijini tumetoka bara, na bahari tunaijua kwa kuitazama tu. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo hapa Dar es Salaam maji hupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi, kwa hiyo atokaye saa 1 huikuta bahari inarudi nyuma na mchanga unazidi kupanuka. Siku tatu au nne baada ya hapo mambo hubadilika: maji hujaa kwenye saa 12 na nusu au saa 1 asubuhi, na ufuko hubaki ukanda mwembamba. Siku hizo tembea juu, kando ya barabara, wala usijipenyeze chini ya miamba ukiwa na mbwa mkononi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo na wala haitakusumbua.

Wakati mzuri ni kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, siku za kazi kama unaweza. Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni jua. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza zaidi kwa kuhema akiwa ametoa ulimi. Tena hana viatu. Mchanga na lami vikishika moto, nyayo zake huungua. Kipimo ni rahisi: weka mgongo wa kiganja chako juu ya mchanga, hesabu taratibu hadi saba. Ukishindwa kuvumilia, naye hawezi. Sababu ya pili ni watu. Jumapili jioni pale Coco Beach hapana pa kuweka mguu. Kuna familia nzima na mikeka, kuna vijana na mpira, kuna mihogo ya kukaanga na mishikaki. Hapo si mahali pa mbwa hata awe mpole namna gani.

Sasa tutazame mzigo. Chukua kamba imara, isiyozidi meta mbili. Chukua chupa ya maji matamu na kibakuli, kwa sababu mbwa mwenye kiu atakunywa maji ya bahari, na chumvi hiyo itamtapisha na kumharisha. Ikiwa atayanywa kwa wingi yanaweza hata kumuua. Tatu, chukua gazeti la jana. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, mwaka 2019, lakini gazeti lililokwisha kusomwa bado lina kazi. Mbwa akijisaidia, zoa kinyesi pamoja na mchanga wake, kifungashe na ukitie kwenye pipa la taka. Usikifukie. Kinyesi cha mbwa huweza kuwa na mayai ya minyoo, na viluwiluwi vya safura ya mbwa hupenya ngozi ya mguu mtupu uliokanyaga mchanga huo, vikaacha mstari mwekundu wenye mwasho mkali kwa majuma mengi. Anayekanyaga mtupu ufukoni ni nani? Ni watoto.

Njiani, macho yako yasiwe kwenye simu ya mkononi. Bahari hutupa vitu vingi pwani, na mbwa hula kwanza, hufikiri baadaye. Mwogope hasa bunju, yule samaki anayejivimbisha kama mpira. Sumu yake haiharibiwi kwa kukauka juani wala haina dawa ya kuiondoa mwilini, na mbwa anaweza kufa kwa kumtafuna bunju mmoja aliyekufa. Mwepushe pia na mifupa ya kuku, vijiti vya mishikaki na vipande vya chupa vilivyobaki tangu Jumapili. Mkirudi nyumbani, msuuze kwa maji matamu, tazama katikati ya vidole vyake na nyuma ya masikio kama kuna kupe. Kazi hiyo haizidi dakika kumi.

Hayo yote, ndugu msikilizaji, ni mambo baina yako na mbwa wako. Lililo kubwa ni baina yako na binadamu mwenzako.

Ufuko ule una historia. Enzi za mkoloni mji huu uligawanywa: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Oysterbay ilikuwa Uzunguni. Mwafrika aliyeonekana huko alikuwa ama mpishi, ama dobi, ama mtunza bustani, na mbwa aliyekuwa nyuma ya ua alijua vema nani wa kubwekewa. Leo mtu wa Manzese, wa Tandale, wa Buguruni hupanda daladala na watoto wake wakaja kukaa mchangani pale pale bila kuomba ruhusa ya mtu. Hayo ni matunda ya uhuru ambayo hatuyataji mara nyingi. Hata sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa bahari, kwa maana ufuko una wenyewe wengi.

Basi mtu akija ufukoni na mbwa asiyefungwa, mbwa akakimbia huku na huku, akarukia mikeka, akanusa vyungu, watu wale watainuka. Hawatagombana naye, watakusanya watoto wao na kuondoka. Hakuna aliyewatoza kiingilio, hakuna aliyejenga ukuta, lakini wamefukuzwa. Mwenye mbwa pengine hatatambua hata kidogo alilolifanya. Ataona tu kwamba ufuko umekuwa na nafasi, naye atafurahi.

Ndiyo maana nasema kanuni ya kwanza ya matembezi haya ni kamba, na ya pili ni kamba fupi. Unapokaribia watu, mweke mbwa upande wa bahari, nawe uwe katikati yake na wao. Acha nafasi ya hatua kumi au zaidi. Na tafadhali, tuliache lile neno letu la "usiogope, haumi huyo". Mwenye hofu hapimi meno ya mbwa kwa kiapo cha mwenye mbwa. Huenda aliumwa utotoni. Huenda alimzika ndugu. Ukiona mtu amesita, simama wewe, mkalishe mbwa chini, mpishe mwenzako apite. Salamu ya asubuhi ikifuata, mtakuwa mmemaliza bila maudhi.

Tuwakumbuke vilevile ndugu zetu Waislamu. Wengi wao katika pwani hii hufuata madhehebu ya Imam Shafii, na katika madhehebu hayo mate ya mbwa ni najisi nzito. Kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu aliyesali alfajiri akapitia ufukoni kunyoosha miguu, mbwa wako akimramba kanzu umemtwika kazi ambayo hakuitaka. Mtu huyo akikwepa, usimhesabu kuwa mkatili kwa wanyama. Dini hiyo hiyo ina hadithi mashuhuri ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa aliyekuwa na kiu. Kumhurumia mbwa na kutotaka kurambwa naye ni mambo mawili yanayokaa vizuri katika moyo mmoja.

Lipo jingine ambalo kamba peke yake haitoshi. Nalo ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu, dalili zake zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi mno wakiwa Afrika na Asia. Katika kila wagonjwa 100, kiasi cha 99 wameambukizwa na mbwa, na watu wanne katika kila kumi wanaokufa ni watoto wenye umri chini ya miaka 15. Mtu akiumwa au kuparuzwa na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo. Asipakwe majivu, wala mafuta ya taa, wala pilipili. Wala asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Lakini dawa ya bei nafuu kuliko zote ni kumchanja mbwa mwenyewe, tangu afikishe miezi mitatu na kisha kila mwaka. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Ushahidi hatuufuati mbali. Kisiwani Pemba kampeni za chanjo ziliumaliza ugonjwa huu mwaka 2014. Mwaka 2016 ukarudi kutoka nje ya kisiwa. Wenzetu wale hawakukata tamaa. Walirudi nyumba kwa nyumba, wakachanja tena, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 ulikuwa umekwisha mara ya pili. Pemba imetufundisha mambo mawili: kwamba inawezekana, na kwamba ukilegea hurudi. Kwa hiyo mbwa asiye na cheti cha chanjo asivuke geti kwenda ufukoni. Mwone afisa mifugo wa kata yako au ofisi ya halmashauri, ukamuulize chanjo hutolewa lini na wapi. Na tarehe 28 Septemba, ambayo kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, itie alama kwenye kalenda yako.

Hapa wale niliowataja mwanzo watauliza: nchi ina watoto wasio na madawati, nawe watuletea habari za kumwogesha mbwa? Swali hilo ni la haki, nami nalijibu hivi. Anayeumwa na mbwa wa tajiri ni mtoto wa maskini, na anayehangaika kutafuta nauli na fedha za sindano ni mama yake. Mbwa aliyechanjwa, aliyezoea watu na aliyefungwa kamba ni salama ya mtoto huyo kabla ya kuwa raha ya mwenye mbwa. Tena huhitaji kuwa tajiri. Mbwa wa kienyeji, huyu mwekundu mwenye mkia uliopinda tunayemwita wa kishenzi, hutembea vizuri kuliko wale wa manyoya mengi waliozaliwa kwa ajili ya baridi. Anataka kamba, chanjo na mtu wa kufuatana naye.

Nalo hilo la mtu wa kufuatana naye lina neno. Asubuhi pale Oysterbay mara nyingi utamwona mlinzi au kijana wa kazi akiburutwa na mbwa wawili wakubwa, mwenye mbwa yuko kitandani. Kijana hajaelezwa chochote juu ya chanjo wala juu ya kushika kamba, na mbwa wakimshinda, lawama ni zake. Mwenye mbwa na atoke mwenyewe, hata kama ni siku mbili tu kwa juma. Madaktari kila siku wanatuhimiza kutembea kwa ajili ya shinikizo la damu na kisukari. Mbwa ni mwenzi mzuri wa kazi hiyo, kwa sababu hakubali visingizio. Ukimzoesha saa 12 na nusu, saa 12 na robo atakuwa mlangoni.

Kwa wale wa Kigamboni, Kunduchi, Mbezi, au Raskazone kule Tanga, haya yote yanawafaa pia kwa ufuko wenu. Nyongeza yangu ni moja tu kwa wanaoishi karibu na fukwe za kusini mwa jiji, ambako kasa hupanda usiku kutaga. Kasa hufukia mayai mchangani, nayo hukaa kiasi cha miezi miwili kabla ya kuanguliwa. Mbwa aliyeachwa huru huyafukua na kuyala kwa dakika chache. Kamba ni ile ile.

Nazo halmashauri zetu hazikosi la kufanya. Pipa la taka kila baada ya hatua mia mbili, na kibao kinachoeleza saa za kuja na mbwa, havigharimu fedha nyingi. Mwenye mbwa akijua saa zake, na mwenye kuogopa mbwa akazijua pia, kila mmoja atachagua wakati wake bila kinyongo.

Ndugu msikilizaji, wahenga hao hao walisema mbwa wa msasi mkali ni wakali pia. Ukitaka kumjua mwenye nyumba, mtazame mbwa wake anavyopita mbele za watu. Basi kesho, maji yakiwa yanapwa na jua halijakali, funga kamba, chukua maji na gazeti, mwondoe mnyama wako kwenye lile banda. Mpitishe kando ya bahari kwa namna ambayo mama aliyekaa na wanawe mchangani hatakuwa na haja ya kuinuka.